Hakuna Safu ya Kicheko

Mimi ndiye niliyesema. Wapo watu hapa Mchombe wanaonionea huruma na kudai kwamba siku ile ghala zima lilisema, kwamba kila mtu alitia neno lake. Waongo. Wao walicheka tu. Aliyesimama akanyoosha kidole na kusema ni mimi, Lukelo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale njia panda, Mhehe niliyeingia bonde hili nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na leo nina hamsini na nne.

Dionisi ni Mpogoro, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtu asiyejua utani angetusikia angedhani tuna kesi ya shamba. Akileta mpunga mashineni nilikuwa namwambia arudi nao, mashine yangu haikoboi mpunga wa wizi. Yeye aliniuliza mbele ya wateja kama nimemwona mbwa wa jirani, maana amepotea tangu jana na kwangu kunanukia mchuzi. Mama yake alipofariki, mimi ndiye niliyeingia kaburini, nikalala chali na kugoma kutoka mpaka wafiwa waninunulie soda ya baridi. Dionisi, macho yamevimba kwa kulia, alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Miaka thelathini tulitukanana namna hiyo, na sikuwa na rafiki mwingine wa kiwango chake.

Mwaka jana mwezi wa kwanza tuliitiwa semina. Habari za kusini, kule mpakani, zilikuwa zimeshatufikia: vijiji vilivyochomwa, watu waliokimbia na watoto mgongoni. Serikali ikaamua kwamba vijiji vya huku navyo vifundishwe namna ya kujikinga na ugaidi, maana bonde ni kubwa, mito ni mingi, na wageni wanaokuja kukodi mashamba ya mpunga hawahesabiki. Mimi niliuona uamuzi mzuri. Nauona hivyo hata sasa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu nimekosa mtu mbaya wa kumchukia.

Aliyekuja kufundisha alikuwa luteni wa jeshi, kijana mtaratibu, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Polisi wawili walikaa nyuma yake. Ofisi ya kijiji isingetutosha, tukakusanyika kwenye ghala la ushirika. Luteni aliazima ubao shuleni, akachora duara dogo katikati na kuandika Kijiji. Akalizungushia jingine, akaandika Kata, halafu Wilaya, halafu Mkoa, halafu Taifa, mpaka chaki ikagonga fremu. Kisha akachora mishale kutoka katikati kwenda nje. Alisema kazi hii ina sehemu mbili. Kujikinga ni kwa kila mtu: kumjua mgeni, kulinda daraja na kisima, kutoa taarifa mapema. Kupambana ni kwa vyombo vya dola peke yao, mwananchi asithubutu. Na mwenye jukumu la kulinda raia wote ni serikali, jukumu ambalo haiwezi kumtwika mtu mwingine.

Akatutajia dalili. Mtu anayejaza mbolea nyingi ndani, kwa sababu mikononi mwa waovu hata mbolea ni silaha. Mtu mwenye simu mbili tatu. Mtu mwenye safari za mara kwa mara asizotaka kuzieleza. Tulikuwa tunaitikia kwa vichwa kama watu wa kanisani. Kwa kweli nilikuwa nasikiliza kwa makini, mpaka Dionisi aliponyoosha mkono.

“Afande, mishale ya kupanda nimeielewa,” alisema. “Kijiji kinatoa taarifa, inapanda mpaka taifa. Sasa serikali ikikosea, ikamchukua asiye na kosa, nani anawajibika? Maana hapo ubaoni sijaona mshale wa kurudi.”

Lilikuwa swali zito. Ghala lilinyamaza, na luteni akageuka kuutazama ubao wake kana kwamba kachora mtu mwingine. Mimi nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: sivumilii kimya. Nikasimama.

“Afande, usimjibu huyo, ndiye mwenyewe!” nilisema, nimekaza uso kama shahidi mahakamani. “Ana mifuko sita ya mbolea chini ya kitanda. Ana simu mbili. Na kila mwezi anapotelea Masagati, hata mkewe hajui anafuata nini. Mimi namwambia kila siku, wewe Mpogoro utakuja kutulipua!”

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Dionisi alisimama akanyoosha mikono mbele, tayari kwa pingu. “Kweli, afande, nimekiri,” alisema. “Na huyu Mhehe ndiye mpishi wetu. Kambini hatununui nyama, mbwa wapo.” Luteni mwenyewe alifuta machozi, akasema yeye ni Mnyamwezi na watani wake Wazaramo hawampi nafasi ya kupumua. Polisi nao walicheka. Tukala wali na maharage, tukasaini karatasi ya mahudhurio, kila mtu akaenda zake. Swali la Dionisi halikujibiwa, na wala hakuna aliyekumbuka kwamba liliulizwa.

Wiki tatu baadaye nilikuwa mashineni, saa nne asubuhi, gari jeupe likatoka upande wa mashamba. Ilibidi lisimame njia panda kupisha trekta. Kiti cha nyuma alikaa Dionisi, katikati ya wanaume wawili, matope yamemfika magotini, maana walikuwa wamemtoa kwenye palizi. Nilidhani ni mambo ya nyavu haramu au ugomvi wa mpaka wa shamba, vitu vya kwenda kituoni na kurudi jioni. Nikatoka nje na vumbi la pumba kichwani.

“Mmechelewa sana!” niliwaambia wale wenye gari. “Huyo msimwachie mpaka alipe jogoo wangu!”

Wateja wangu walicheka. Dionisi naye alicheka, nikayaona meno yake yote. “Funga mashine, twende wote!” alinipigia kelele. Trekta likapita, gari likaondoka. Nilirudi ndani nimefurahi, nikawa natunga maneno nitakayomwambia akirudi.

Mchana Angelina mkewe alifika mbio, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Walikuwa wamepekua nyumba, wameinua kitanda, wamebeba mifuko yote sita ya mbolea na simu zote mbili. Walimuuliza yeye swali moja tu, mumewe anakwenda Masagati kufanya nini. Alipofika kwenye neno Masagati nikayakumbuka maneno yangu ya ghalani. Nikakaa juu ya gunia la pumba mpaka fundi wangu alipozima mashine.

Ile mbolea, niseme ukweli wake, haikuwa hata yake. Mfuko mmoja ndio wake. Mitano ni ya majirani wa kikundi chao cha kilimo, walioihifadhi kwake kwa kuwa nyumba yake ina sakafu ya saruji na kufuli. Ilichukuliwa kama kielelezo. Mwezi ule mpunga wa kaya sita uligeuka njano mbele ya macho yetu, kila mtu anajua dawa yake ni nini na dawa ipo chumba gani mjini, imefungiwa.

Nilikwenda kwa Teddy, mtendaji wetu wa kijiji, binti aliyeletwa kutoka Kilimanjaro, mchapakazi kweli. Ndiye aliyeandika muhtasari wa semina. Alifungua faili bila kubishana, akanionyesha nakala. Ilikuwa fomu yenye safu tatu: Mtoa hoja, Hoja, Hatua. Kwenye safu ya kwanza nilikuwamo mimi, jina langu kamili, hakukosea hata herufi. Ya pili ilisema nimemtaja ndugu Dionisi kuwa na mifuko sita ya mbolea, simu mbili na safari zisizoelezeka. Ya tatu ilisema taarifa ipelekwe ngazi ya juu.

“Teddy, ulikuwepo!” nilimwambia. “Na wewe ulicheka, nilikuona!”

“Nilicheka, mzee.”

“Sasa hii nini?”

“Niliandika ulichosema. Ningeacha kuandika, halafu siku litokee jambo, nani angeulizwa? Si ni mimi?”

“Basi ungeandika kwamba tulicheka!”

Aliigeuza ile fomu mbele, akaigeuza nyuma, akaitafuta sehemu hiyo kwa dhati kabisa, kidole kinapita mstari kwa mstari. “Hakuna safu yake,” alisema, na machozi yakamtoka. Jioni ile ile aliandika barua ya maelezo kwenda juu, akaeleza utani ni nini na watani ni nani, kurasa mbili. Baadaye niliikuta mjini, imebanwa nyuma ya ile fomu. Mtu alikuwa ameipiga mhuri wa Imepokelewa.

Angelina hakunilaumu siku zile za mwanzo. Alisema tu, “Mdomo wako ndio uliompeleka, basi mdomo wako ndio utakaomrudisha.” Tukapanda basi kwenda Ifakara, tukafikia Mlabani kwa binamu yake, na kila asubuhi tukawa tunatoka pamoja, yeye na kitenge chake kizuri, mimi na koti nililofungia ndoa. Tulipigwa danadana kama mpira. Ofisi ya kwanza ilisema wao wanapokea tu na kupeleka. Ya pili ilisema suala likishaitwa ugaidi linawatoka mikononi. Ya tatu ilitukaribisha viti, ikatupa maji ya kunywa, ikasema turudi ya kwanza. Hakuna aliyetufokea, na hilo lilinivunja moyo zaidi, kwa sababu mtu akikufokea una pa kushikia. Watu wale walikuwa wananisikiliza mpaka mwisho, wananielewa, wananipa pole, halafu mikono yao inabaki mezani.

Siku ya tano tulifikishwa kwa mkaguzi mmoja wa polisi, mwanamke wa makamo aliyeitwa afande Brigitha. Yeye ndiye aliyekuwa na faili. Nilimweleza yote, nikaigiza hadi sauti ya luteni na sauti ya Dionisi, na nilipofika kwa mbwa wa kambini akatabasamu. Moyo wangu ukapanda.

“Nakuamini, baba,” alisema. “Kwetu nina watani, najua vinywa vyao. Lakini nikuambie kitu. Mimi nilikaa mpakani miezi minane. Kijiji kimoja walikuwa na kijana wao, wamemlea, wanamtania hivyo hivyo, gaidi, gaidi. Siku aliyokuja na wenzake kweli, wanakijiji walianza kwa kucheka. Wale maiti nilisaidia kuwabeba. Sasa nikimwachia huyu kwa sababu mlicheka, na ikaja kuwa kweli, nitakuja Mchombe nimwambie nani nini?”

Nilikuwa nimekuja na hasira yangu nzuri nimeikunja kwenye koti, na yule mama akaniacha sina pa kuiweka. Nikamwomba basi anipe karatasi nifute maneno yangu.

“Taarifa haifutwi,” alisema. “Inajibiwa. Mbolea imejibiwa, majirani watano wamekuja kusema ni yao. Simu zimejibiwa. Imebaki Masagati. Mumeo, mama, wiki mbili sasa tunamuuliza anafuata nini kule, na hasemi. Mtu asiye na kitu mbona hasemi?”

Angelina alinigeukia. Hakujua, na alijua kwamba mimi najua.

Nilijua. Masagati kulikuwa na mtoto wa kike, jina lake Omega, wa miaka tisa. Mama yake alikuwa mwanamke aliyekuwa akiuza chakula kwa wasafiri Mlimba, akafariki mtoto akiwa hajaota meno, na bibi ndiye aliyemlea. Dionisi alikuwa akienda kila mwezi na kilo zake za mchele, na madaftari shule zikifunguliwa. Aliniambia mimi peke yangu, tukiwa mashineni, umeme umekatika, akaniapisha. Utani ni utani, lakini siri ya mtu ilikaa kwangu miaka tisa na sikuifanyia mzaha hata siku moja. Pale ghalani niliitaja Masagati kwa sababu nilijua hatanijibu, nikataka kumwona akitapatapa kidogo. Ndiyo, nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Sasa Dionisi alikuwa ndani amekaza kinywa kwa ajili ya nyumba yake, na mimi nilikuwa na neno moja linaloweza kumtoa. Nilimwomba Angelina atoke kidogo nje.

“Abaki,” alisema afande Brigitha. “Ni mkewe. Nitamwandika shahidi.”

Nikalisema. Nilisema nikiangalia miguu ya meza. Nilitaja mtoto, nikataja bibi, nikataja mchele na madaftari, na nilipomaliza nilisikia kalamu ya afande bado inaandika. Nilidhani kalamu ikishafika mwisho afande atafunga faili, ataita mtu, na Dionisi atatoka kwenye mlango ule.

“Jina kamili la huyo bibi?” aliuliza. “Namba ya simu? Kitongoji gani? Nani mwingine anafika kwenye nyumba hiyo?”

“Afande, si nimeshakujibu Masagati?”

“Umenithibitishia kwamba alikuwa anakwenda,” alisema kwa upole. “Kabla ya hapo tulikuwa na neno tu. Sasa tuna nyumba. Lazima tuikague, na eneo lile haliko chini ya ofisi hii, itabidi niombe kibali. Na kwa kuwa kuna maeneo mawili, mtuhumiwa atahamishiwa mkoani.”

Naapa sikuona ubaya wowote usoni mwake. Aliniruhusu hata kumtumia Dionisi nguo. Lakini nilitoka pale nimejua kwamba kila ninachogusa kinaongeza ukurasa.

Kwenye basi Angelina alikaa kiti cha mbele yangu. Tulivuka vijiji vyote vya njiani hajageuka. Tulipokaribia Mchombe akasema, bila kugeuza shingo, “Miaka tisa ulikuwa unakula kwangu, Lukelo. Nakuwekea kipande cha samaki cha mkia kwa sababu ndicho unachopenda.” Nikafungua mdomo. “Nyamaza,” alisema. “Nakuomba, safari hii tu, nyamaza.”

Walikagua nyumba ya Masagati mwezi wa tatu. Hawakukuta kitu, ila bibi wa watu, kuona bunduki mlangoni, alipooza mkono. Angelina alipata habari hizo kwa watu. Hakumwambia mtu yeyote. Alipanda gari la mizigo mpaka Mlimba, akapanda pikipiki, akakaa huko siku tatu. Alirudi na mtoto na begi la shule. Asubuhi yake nikamwona Omega anachota maji kwenye bomba la kijiji, pua ya Dionisi, mwendo wa Dionisi wa kutupa mguu wa kushoto, na nikaingia ndani ya banda la mashine nikalia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Mwezi wa sita tulivuna shamba lake, mimi na wale majirani watano. Mpunga ulitoka haba, masuke mepesi. Majirani hawakusema neno juu ya mbolea yao, lakini mpunga wao siku hizi wanaupeleka kukoboa Mngeta. Mimi niliendelea na safari. Wilayani, mkoani, ofisi ya mbunge, mpaka kwa padri aliyekuwa na binamu yake mwanasheria. Kila mahali jibu lilikuwa moja, kwamba upelelezi unaendelea. Nilianza kuchukia koti langu. Afande Brigitha akahamishwa. Aliyekuja nafasi yake alikuwa kijana, alifungua faili, akasoma ukurasa wa kwanza, akainuka na kunipa mkono kwa mikono miwili.

“Wewe ndiye mzee Lukelo? Raia kama wewe ndio tunaowahitaji,” alisema. “Wangekuwepo wengi tusingekuwa na shida.”

Nilimweleza upya, tangu mwanzo. Alinisikiliza vizuri sana, akaandika pembeni kwa penseli, na nilipokuwa naondoka akanipa namba yake ya simu, nikiona kingine chochote nimpigie.

Dionisi aliachiwa mwezi wa tisa. Hakuna aliyetupa taarifa. Walimshusha stendi Ifakara na nauli ya basi na karatasi moja, ambayo aliikabidhi ofisi ya kijiji na Teddy akaja kunisomea kwa sababu miwani yangu ilikuwa imepasuka. Ilisema ushahidi hautoshi kwa sasa. “Kwa sasa,” Teddy alirudia, halafu akaikunja haraka.

Nilikaa siku tatu bila kwenda kwake. Najua ilitakiwa niwe wa kwanza. Mtani ndiye anayepaswa kumpokea mtu wa namna hiyo, amtukane mlangoni, acheke, wengine nao wapate njia ya kuingia. Lakini nilimwogopa. Nilijua ana haki ya kunikata panga, na nikasema moyoni, potelea mbali, akinikata atakuwa amesema kitu. Siku ya nne, saa tisa alasiri, nikavaa shati la kazini kwa makusudi, lenye vumbi lote, nikatoka. Njia nzima nilikuwa natunga. Nilitunga tusi, nikalikataa, nikatunga jingine. Nilitaka lile zuri kabisa, la kumfanya arushe hata kandambili.

Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anakula wali kwa dagaa, kofia kichwani. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Angelina alikuwa anapepeta mchele upande wa jiko, akaniona, akaendelea kupepeta. Omega alikuwa anaandika kazi ya shule kwenye mkeka karibu na baba yake. Nilisimama penye ua, nikapaza sauti yangu ile ile ya mashineni.

“Wewe Mpogoro! Kumbe hata mahabusu wamekukataa? Wamesema unamaliza ugali?”

Dionisi aliweka sahani chini. Aliiweka taratibu, akasimama wima, akavua kofia. Mikono akaipeleka nyuma, mmoja ukaushika mwingine, na macho akayaelekeza chini, hatua mbili mbele ya miguu yangu.

“Shikamoo,” alisema.

Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na yeye. Nilingoja. Nilijua huu ni mtego, kwamba sasa hivi atanyanyua uso, atayafungua yale meno, aniulize mbwa wangapi wamebaki kijijini. Nilingoja mpaka nikasikia penseli ya Omega imeacha kuandika. Angelina naye ungo ulikuwa umetulia mikononi. Hakunyanyua uso. Hakuwa na hasira, ningeiona, ningeipokea kwa mikono miwili. Alikuwa anangojea kuitikiwa, basi.

“Dionisi,” nilisema. “Ni mimi.”

“Ndiyo,” alisema. “Nakujua.”

“Nitukane basi.”

Alifikiri juu ya jambo hilo, kama mtu aliyepewa agizo ambalo hana uhakika nalo. Wali wake ulikuwa umeanza kuingiwa na nzi. Aliutazama, akatazama kigoda, akarudisha macho chini.

“Naruhusiwa kukaa?” aliuliza.

Nilimtazama Angelina anisaidie, akageuza uso. Nilimtazama mtoto. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunikosea neno maisha yangu yote, ulikuwa na neno moja tu.

“Kaa,” nilisema.

Akakaa. Akasema asante.